Mstari wa Nne Hauna Shukrani

Jumatatu, 4 Mei

Siku ya kupima. Nimechukia tangu asubuhi. Kitalu nyumba cha chuo kina mistari mitano ya nyanya na sisi tuko wanafunzi watano, kila mtu na wake. Ya wenzangu imenawiri. Wangu, mstari wa nne, umepauka kama shati lililofuliwa mara mia.

Mkufunzi kapita na rula yake ndefu, shingo imemjaa kwenye kola. Chura aliyevaa tai! Kapima mstari wangu, kaandika, kasema hivyo hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Mbele za watu! Kejeli hiyo sitaisahau.

Na mstari wenyewe sikuuchagua. Siku ya kugawa nilibaki nje kwa msimamo. Mlangoni kuna beseni la dawa, kila anayeingia lazima akanyage humo asilete magonjwa. Mimi nilikuwa na viatu vipya! Ndani wakapeana maelezo saa nzima. Walipotoka, kilichobaki ni mstari wa nne.

Mwaka huu sina pa kuponea. Nimeshakariri mwaka mara mbili. Barua ya chuo inasema nikianguka mtihani wa vitendo muhula huu, nifungashe. Huko nyumbani shemeji, mume wa dada, ameshaniwekea nafasi ya kubeba magunia dukani kwake. Anasema nina mgongo mzuri. Mgongo! Mimi ni mtu wa kichwa.

Jumanne, 5 Mei

Sasa namjua adui. Ni Darubini, yule binti wa mstari wa pili, tuliyempa jina hilo kwa sababu haangalii jani bila kioo cha kukuzia. Kanifuata kwenye bomba, kasema kuna jambo kuhusu mstari wa nne ambalo huenda sikulisikia. Nikamwambia mambo yake abaki nayo. Kasema ni muhimu. Nikamwambia muhimu ni adabu. Kaondoka akitikisa kichwa. Kiherehere!

Saa nne nikajificha nyuma ya tangi la maji nione anachonifanyia. Dakika arobaini, mbu wamenila mguu mmoja wote. Kaja. Kapiga magoti kwenye mstari WANGU. Kapima mche mmoja mmoja, kahesabu majani, kaandika kwenye daftari LANGU la kumbukumbu, lile linaloning'inia mwisho wa mstari.

Nikatoka kama mshale. Nikamwuliza anaiba nini. Kasema haibi, ananijazia, maana wiki tatu sijaandika hata neno na alama zangu zote ziko humo. Uongo wa mchana kweupe! Nani amewahi kupewa alama kwa daftari? Alama ziko kwenye nyanya. Nimelinyang'anya. Sasa liko chini ya godoro langu.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepata dawa. Majani yamepauka, maana yake njaa. Hata mtoto mdogo anajua. Stoo kuna gunia la mbolea ya kukuzia, limefunguliwa, liko kona.

Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikachota. Mfuko wa plastiki ukajaa vizuri. Kopo moja zima nikakoroga kwenye ndoo, nikamwagia mche kwa mche. Wiki zote hizi mtu ananyimwa chakula na wote wanatazama tu!

Jioni nimejaza daftari la wiki tatu kwa mkupuo mmoja. Urefu nimekadiria. Nimejikadiria vizuri.

Jumatatu, 11 Mei

KIJANI! Vichwa vya miche vimeinuka! Nimetembea mbele ya Darubini mara sita. Kainama kwa kioo chake, kaangalia majani yangu, kanitolea macho. Kauliza kama nimeweka kitu. Nikasema nimeweka bidii. Kasema niende kwa Mkufunzi leo leo, mambo bado yanarekebishika. Wivu huo! Unamtoka puani.

Nimeongeza makopo mawili.

Alhamisi, 14 Mei

Mkufunzi kasimama kwenye mstari wangu muda mrefu. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Kauliza koki ya mpira wa mbolea ya mstari wa nne, iliyokuwa imefungwa, imefunguliwa na nani. Sikujua hata kama imefungwa! Kumbe! Nikamwambia swali ni nani aliifunga, kwa kweli, ufanyike uchunguzi. Kaniangalia kama anayeangalia ng'ombe ndani ya nyumba. Nilivyomchukia! Mwili ule umejaa chai tupu. Angeulizwa nyanya ni mti au mboga angekwenda kumwuliza mkewe.

Kasema Jumatatu mtahini anakuja kutoka nje. Vizuri. Nimemalizia na makopo manne. Jumla saba. Mtahini akutane na msitu.

Jumatatu, 18 Mei

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Nimeingia asubuhi, maua yote chini. Kingo za majani zimeungua, kahawia, zimejikunja. Na mtahini huyo hapo mlangoni, anakanyaga beseni la dawa taratibu, mama mmoja mpole mwenye kalamu tatu.

Kauliza mstari wa nne umepewa nini. Wenzangu wakainamisha vichwa. Nikajibu kwa sauti: mapenzi tu, mama.

Ndipo Mkufunzi akaeleza. Hili ni jaribio. Kila mstari una kiasi chake cha mbolea, na mstari wa nne hupewa maji peke yake, makusudi, ili mingine ilinganishwe nao. Ulitakiwa upauke. Anayeushika hapewi alama kwa nyanya hata moja, anapewa kwa daftari. Yote hayo yalisemwa siku ya kwanza, ndani, baada ya beseni.

Kazi ya wiki kumi na moja, ya watu watano, haina tena cha kulinganishia.

Na hakuna aliyeniambia! Hata mmoja!

Jumanne, 19 Mei

Nimekiri. Mfuko wa mbolea waliuona unachungulia kwenye begi langu.

Mkufunzi hakunifukuza. Kaongea na mtahini. Kasema mstari wa kwanza ulipewa mbolea kidogo sana, huo unaweza kusimama badala yake, na wangu ukahesabiwa mstari uliozidishiwa. Lakini lazima ijulikane nilimwaga kiasi gani, siku gani. Nikiandika ukweli wote, alama za wenzangu zitaokoka na mimi nitabaki chuoni. Mwisho Alhamisi.

Darubini kanisubiri nje. Macho mekundu. Kasema amemwahidi baba yake kumaliza mwaka huu, baba haoni tena vizuri na anataka amshuhudie akipokea cheti. Kauliza kwa upole kabisa kama siku zile niliandika popote, hata kwenye kipande cha karatasi.

Nimeandika. Hapa. Makopo, siku, kila kitu. Ukweli wote wa jaribio lile uko kwenye shajara hii.

Lakini nimrudie Mkufunzi na ukurasa wa chura aliyevaa tai mkononi? Na ule wa tarehe 14? Thubutu! Nimemwambia sikuandika popote.

Jumatano, 20 Mei

Nimeandika kumbukumbu safi, kwa wino mweusi. Kijiko kimoja cha chai. Mara moja tu. Saa nne na dakika saba. Dakika saba ndizo zitakazowaaminisha. Mtu mwongo hasemi dakika.

Makopo saba yangeonekana kama ukatili. Kijiko kinaonyesha mtu mwangalifu aliyepotoka kidogo.

Ijumaa, 22 Mei

Walipima udongo! Nani amewaruhusu?

Mkufunzi kaweka karatasi yangu mezani, karatasi ya udongo pembeni. Hakupaza sauti, na hilo limenikata maini. Kasema mbolea angenisamehe. Wanafunzi humwaga mbolea kila mwaka. Ila sasa hana namba ya kuiamini kwenye mstari ule, kwa hiyo jaribio limekufa, na wanne watarudia muhula mzima. Mimi sitarudia. Mimi naondoka.

Wale watatu wengine hawakuniangalia. Darubini alikuwa anakata kamba za miche ya mstari wa pili, ang'oe aanze upya. Nyanya zake zilikuwa zimeanza kuiva. Nilisimama pale nikaona haya, kweli niliona haya, karibu dakika nzima. Kisha kasema bila kugeuka kwamba nisikanyage mpira wa maji. Hasira zikanipanda upya. Amri hadi kwenye kuaga!

Jumatatu, 25 Mei

Nyumbani. Shemeji kanigusa bega, kasema kesho saa moja, magunia yameshafika. Anacheka na meno yote.

Mama kanipokea begi, kanishika mkono, kanipeleka nyuma ya jiko. Kapanda miche ishirini ya nyanya. Kasema tangu nianze chuo alitamani awe na yake, ili nikirudi tuwe na la kuzungumza. Kaihamisha jana tu kutoka kwenye kopo, ndiyo maana imelala kidogo. Kasema tuiache, inywe maji, itashika yenyewe.

Itashika yenyewe! Mama yangu nampenda, lakini darasani hakuingia. Mche umelala, maana yake njaa.

Ule mfuko hawakunidai. Umebaki nusu. Mama alipokwenda dukani kwa dada nimekoroga makopo matatu, kwa kuanzia, nikamwagia mmoja mmoja hadi wa ishirini. Aliporudi nikamwambia asiguse kitu, mtaalamu yupo. Kafurahi hadi machozi yakamlenga.