Mjomba wa Paka

Jumatatu, 4 Mei

Daktari wa macho ameniruhusu kuandika, mradi niandike kwa herufi kubwa na nisiiname. Nashukuru. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na siku hizi za kukaa bila kalamu zimenichosha kuliko kipindi chochote cha kidato cha pili baada ya chakula cha mchana.

Jicho limepona. Kabla ya upasuaji niliiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni. Sasa naona vizuri. Kitu cha kwanza kukiona vizuri kilikuwa paka, amelala kwenye kiti changu.

Nieleze. Dada yangu amefiwa na mume kama mimi nilivyofiwa na mke. Aliposikia nimepasuliwa, alikuja kuniuguza. Alikuja na begi la nguo zake na kikapu cha paka. Kwa maneno mengine, daktari alinitoa mtoto wa jicho, dada akaniletea mtoto mwingine. Maana kwake yule si paka. Ni Binti. Binti ana blanketi. Binti ana bakuli lenye maua. Binti akipiga chafya, mazungumzo husimama. Asubuhi dada humbeba mpaka mlangoni kwangu na kumwambia, "Haya, muamkie mjomba."

Mjomba ni mimi. Hapo ndipo penye ugumu. Jirani akimwita paka mtoto wake, hilo ni lake na paka wake. Lakini dada yako wa tumbo moja akifanya hivyo, nawe umeshaingizwa kwenye ukoo bila kuulizwa. Mjomba ana wajibu. Mjomba hamwondoi mpwa wake kwenye kiti.

Jumamosi mwanawe atakuja na pikapu. Huyu ni mpwa wangu halisi, mwenye miguu miwili, mpima ardhi. Tutapiga picha ya familia, kisha dada ataamua: abaki hapa nami moja kwa moja, au aende kuishi kwa mwanawe. Ameshasema atakaa pale Binti anapopendwa.

Ninataka mambo matatu. Dada abaki. Kiti kirudi. Paka awe paka. Sioni kwa nini yote yasiwezekane, mtu akipanga kwa utulivu.

Jumanne, 5 Mei

Mpango wa kwanza: elimu. Hakuna mtu mwenye akili anayeshindana na maelezo yaliyopangika.

Baada ya chakula nilimwomba dada aketi. Nikachora kwa chaki nyuma ya sinia. Huku simba, huku chui, huku duma, na hapa chini paka wa nyumbani. Nikaeleza meno. Nikaeleza kucha zinazoingia na kutoka. Nikaeleza, kwa upole, kwamba mnyama wa namna hii hamwoni mwenye nyumba kama mama, bali kama mlango unaofunguka.

Dada alisikiliza kwa makini. Nilipofika kwenye mlango, nikaona amemfunika paka masikio kwa viganja vyake. Akaniambia kwa sauti ya chini, kaka, hayo yote unayasema mbele ya mtoto?

Kisha akanawa mikono, akanilaza kichwa, akanitia dawa ya jicho. Ana mkono mwepesi. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa nikijitia mwenyewe, nusu ya chupa ikiishia shingoni. Kwa hilo nashukuru sana, na nilimwambia.

Alitumia nafasi hiyo kunikumbusha mlango wa stoo. Kitasa cha ndani kiling'oka mwaka jana, na mlango ukijifunga, aliye ndani hatoki. Anasema aitwe fundi seremala. Nilimweleza kwamba ni kazi ndogo, nitaifanya mwenyewe. Nilimchorea na mchoro wake.

Jumatano, 6 Mei

Mambo yamezidi. Ninashonewa suti mpya kwa ajili ya picha, kitambaa cha kijivu, kizuri sana. Leo nimegundua kwamba dada amempelekea fundi cherehani vipimo vya mtu wa pili. Kifua kidogo. Miguu minne. Binti atavaa koti la kitambaa kilekile, afanane na mjomba.

Nilikwenda kwa fundi mara moja. Ni mtu mpole, ana pini mdomoni muda wote, kwa hiyo huzungumza kama mwenye siri. Nilimwomba jambo dogo: alibane koti la paka kwenye makwapa. Paka akibanwa atalikataa, atakimbilia uvunguni, na picha itapigwa bila yeye. Hakuna atakayeumia.

Fundi alitoa pini zote mdomoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akasema, mwalimu, tangu nianze kazi hii hakuna mteja aliyelalamikia makwapa yangu, na sitaanza na mtoto.

Nilimwambia ni paka. Akasema anajua, amempima mwenyewe, alitulia kuliko mimi.

Jioni hatukuzungumzia suti. Dada alinisomea gazeti lote, hata matangazo ya vifo, kwa kuwa anajua ninayapenda. Paka alisikiliza kutoka kwenye kiti changu. Mimi nilikuwa kwenye stuli. Stuli haina mgongo, na kwa hilo siwezi kushukuru.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya aibu. Niiandike kwa mpangilio.

Kila alasiri huketi na Hakimu kwenye benchi la mbele ya duka la dawa. Alistaafu mahakamani mwaka nilioacha kufundisha. Kazi yetu hapo ni kuangalia watu na kuwatolea hukumu. Tunayempenda zaidi ni Mama Sweta, mwenye mbwa mdogo anayevishwa sweta la kufuma. Leo alifika kwenye dimbwi, akamnyanyua mbwa, akamvusha, akamwambia, "Pole mwanangu, viatu vingelowa." Mbwa hana viatu. Hakimu alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nikaeleza kwamba ni upweke, au ukosefu wa kazi, au vyote viwili. Nikasema mtu mwenye familia hawezi kufikia hapo.

Hapo dada akatokea barabarani, amembeba paka ndani ya blanketi. Akaita kutoka ng'ambo, "Kaka, njoo nyumbani. Binti amesusa kula, anamtaka mjomba wake."

Hakimu aligeuza kichwa polepole, kama alivyokuwa akigeuza kabla ya kutoa hukumu. Akaniuliza Binti ni nani. Nikasema ni mtoto wa dada, ametuchelewea sana, dada alimpata uzeeni. Hakimu akamtazama paka. Akauliza kama hayo masharubu ni ya ukoo.

Nikaondoka. Nikasikia akimweleza mwenye duka la dawa.

Nyumbani paka alikula mara tu nilipoketi karibu naye. Nilimwangalia akila. Anakula kwa adabu, lazima niseme. Wanafunzi wangu wengi hawakumfikia.

Ijumaa, 8 Mei

Fundi ameleta nguo. Koti la Binti lina bitana ya hariri, mfuko wa kifuani na vifungo vitatu. Halibani popote. Paka alilivaa, akatembea mpaka kwenye kioo, akajitazama.

Suti yangu ina suruali na kizibao. Nikauliza koti liko wapi. Fundi alieleza, sasa pini zikiwa mdomoni tena, kwamba alianza na nguo ya mtoto kwa sababu ni ndogo, na kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi na makwapa, alikata kwa nafasi. Nafasi hiyo ilitoka kwenye mikono yangu. Kilichobaki kilitosha kizibao. Akanipa pole, akasema kizibao kinanipendeza, kinanipunguzia tumbo.

Nimeshukuru. Ukweli ni kwamba kinalipunguza.

Lakini sasa sina njia ila mpango wa mwisho. Picha itapigwa kesho saa nne. Saa tatu na nusu nitaingia stoo na kipande cha samaki mkavu. Paka atanifuata. Nitaweka samaki chini, nitatoka, nitarudishia mlango. Picha ikishapigwa nitamfungulia, naye atakuwa ameshiba. Mpwa wangu atapata picha ya heshima, dada atadhani Binti alilala mahali, Hakimu atanyamaza. Nimeurudia kichwani hatua kwa hatua. Sioni kosa.

Jumamosi, 9 Mei

Kulikuwa na makosa mawili.

La kwanza: nimekatazwa kuinama. Nilikumbuka hili nikiwa katikati ya stoo, samaki mkononi. Nikafikiri kumdondosha, lakini paka hakusubiri. Alipanda kwenye suruali, akapita kwenye kizibao, akatulia kifuani, koti lake likiwa limefungwa vifungo vyote. Nikarudi nyuma hatua moja. Kisigino changu kikagusa mlango.

La pili ni kitasa.

Niligonga. Nje, mpiga picha alikuwa akiburuta viti na pikapu ilikuwa ikinguruma, kwa sababu mpwa wangu hapendi kuizima, anasema inakataa kuwaka. Nikaita. Daktari amenikataza kupaza sauti pia, kwa hiyo niliita kwa kiasi. Hakuna aliyesikia. Lakini mimi nilisikia, maana dirisha la stoo linatazama ukumbini na kioo chake kilivunjika zamani.

Mpwa wangu alimuuliza mama yake mjomba yuko wapi. Dada akasema amemtafuta kila chumba. Kisha akasema, labda ndivyo alivyotaka kuniambia niondoke, na mdomo ulimshinda. Mwanawe akasema, mama, hukuwa na haja ya kumletea mzee wa watu paka. Naye dada akajibu jambo ninaloliandika kama nilivyolisikia: "Nilipofika hapa alikuwa hasemi. Anakaa na redio kutwa, ananijibu ndiyo, hapana. Siku ya pili Binti akakalia kile kiti. Kaka akaongea mpaka jua likazama. Nikasema, basi, mtoto na akae hapohapo."

Halafu akasema, pakia mizigo.

Sijui kama nimewahi kugonga mlango namna ile. Niligonga kwa mkono mmoja, wa pili ulimshika paka. Nikasema dada, dada, niko hapa. Pikapu ikanguruma. Begi lilipita mbele ya dirisha, kisha kikapu kitupu.

Hapo Binti akamaliza samaki, akaona hakuna mwingine, akalia. Mlio mmoja, mrefu.

Dada aliusikia juu ya pikapu, juu ya viti, juu ya kila kitu. Akasema, huyo mwanangu. Mlango ukafunguka. Wakanikuta nimesimama katikati ya ndoo na mifagio, nimemkumbatia paka, mabaki ya samaki kwenye kizibao.

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Dada hakuyangoja. Alinitazama, akamtazama Binti, machozi yakamlengalenga. Akasema, kumbe ulikuwa humu unamlisha, ili asichafue koti sebuleni. Akamgeukia mwanawe, "Umeona mjomba wako?"

Sikumsahihisha. Kuna wakati mwalimu huacha jibu la mwanafunzi lipite. Nikamwambia tu, dada, usiende. Akasema nani kasema anaenda, na akamwamuru mpwa wangu arudishe begi.

Picha ikapigwa. Nilimwomba paka ashuke, akakaza kucha. Mpiga picha akasema, babu, mwangalie mjukuu wako kidogo. Nikamwambia si mjukuu. Mtoto wa dada ni mpwa. Usahihi ni usahihi.

Nashukuru kwa mambo mengi leo, hata yasiyoandikika. Kwa dada. Kwa sikio lake. Nashukuru pia kwamba sikutengeneza kile kitasa, maana kingekuwa kizima nisingesikia lolote. Seremala hahitajiki kwa sasa.

Jumanne, 12 Mei

Nimefanya tathmini. Mambo matatu niliyoyataka yote yametimia. Dada amebaki. Kiti kimerudi: mimi nakikalia, Binti ananikalia mimi. Na paka ni paka, jambo ambalo sikuwahi kulitilia shaka. Mipango mizuri huzaa matunda, ingawa huhitaji subira.

Alasiri nilikwenda kwenye benchi. Nilimchukua Binti, kwa sababu dada alikuwa akifua na mtoto huchoka kukaa ndani. Hakimu alimtazama, akatazama koti lake, akatazama kizibao changu. Nilijiandaa. Lakini alisogea tu mpaka mwisho wa benchi ili sote tutoshe, akauliza kama msichana anapenda samaki. Nikamweleza kwa kirefu.

Kisha akapita Mama Sweta. Mbwa leo alikuwa na kofia. Tulicheka mpaka mwenye duka la dawa akatoka kuangalia. Nilimweleza Hakimu tena kwamba ni upweke tu, na kwamba watu wa namna ile ni wa kuhurumiwa, maana hawaoni wanavyoonekana.

Kijiupepo kikaanza. Nikamfunga mpwa wangu kifungo cha juu, nikamrudisha nyumbani kwa mama yake.