Mbeta Kumi Toa Kumi

Jumatatu, 3 Machi 1958
Ipogolo. Mvua tangu alfajiri. Baba Tusa alipanda lori lake kwenda Mbeya, akasema anarudi kesho kutwa. Kesho kutwa hiyo ilikuwa kabla ya Krismasi! Nimebaki na mwanangu Tusajigwe, ambaye ameota meno na anayajaribu kwangu. Majirani Wahehe wananisalimu vizuri, kamwene, kamwene, kisha wanapita. Mimi Mnyakyusa wa Rungwe, nani akae na mimi?

Nimepata akili. Nitafungua darasa la watoto wadogo hapa uani. Mama zao watakuja kuwachukua, watakaa, tutazungumza. Nilimwambia jirani yangu Benedicta kwamba nasikitikia elimu ya watoto. Uongo mtupu. Akasema mbona Paskalina, mke wa katekista, anafundisha kule kanisani, tena ana kengele. Kengele gani! Rimu ya lori imening'inizwa mtini.

Jumatano, 5 Machi
Wamekuja saba. Somo: kutoa. Nikagawa karanga za kukaanga, tano kila mtoto. Nikamwuliza Didas, tano toa mbili zinabaki ngapi? Akasema hakuna. Nikamkaripia. Akafungua kiganja: kweli hakuna. Wenzake wote jibu lilikuwa hilo hilo, huku wanatafuna. Nikamfuta Didas mdomo, nikamwambia hesabu hailiwi.

Mama zao waliwaita kutoka njiani. Hakuna aliyeingia. Nilikuwa nimebandika chai sufuria kubwa. Nimeinywa mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Karanga basi. Leo nimewafundisha kutotupa ovyo: kopo bovu ni kibatari, gunia la unga ni kaptula. (Tusa anayo, chapa ya mashine ya kusaga ipo matakoni.) Nikawatuma nyumbani, kila mmoja alete kitu kisicho na kazi. Didas kaleta gunzi. Verediana, mjukuu wa Mzee Kalinga, kaleta vipande kumi vya mwanzi, vimekatwa vizuri kama vikombe. Nikauliza kavitoa wapi. Eti vinaning'inia tu kule mianzini, havifanyi kazi. Mtoto ana akili huyu! Vilikuwa na majimaji yenye harufu. Nikamwaga, nikasugua kwa majivu na sabuni. Kumi toa nne, sita! Bila kutafuna! Paskalina apasuke.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mzee Kalinga uani hata sijafunga khanga vizuri. Vile vipande ni mbeta zake za kukingia ulanzi! Utomvu wa mianzi umedondoka chini tangu jana, na pombe ya watu inasubiriwa. Akaniuliza kwa upole, afadhali angepiga kelele, kama huko kwetu Rungwe ng'ombe tunamkamulia majanini. Nikasema sisi Wamoraviani hatunywi. Haikusaidia. Akamgeukia mjukuu wake: babu alikuwa na mbeta kumi, mwalimu wako kachukua kumi, zimebaki ngapi? Verediana akapaza sauti: hakuna! Nikapiga makofi. Peke yangu.

Lakini uani palijaa! Benedicta alicheka mpaka akanishika bega. Hata Paskalina alikuja kushuhudia, akakalia kinu changu, akaomba sukari zaidi. Chai ikaisha. Sijacheka hivyo tangu niolewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerudisha mbeta zinang'aa. Kosa tena! Mzee anasema ile harufu ndiyo inayochachua ulanzi, nami nimeiosha yote. Watoto wamehamishiwa kwa Paskalina. Didas tu kachungulia uani, akauliza kama zimebaki karanga, akaitwa. Nimemfundisha Tusa saba toa saba. Kauma gunzi.

Malori yanapita barabarani. Yasiyo yake nayajua kwa mlio.

Nimewaza sana. Kwa somo hawaji. Kwa chai hawaji. Kwa mbeta walikuja wote. Jioni nikapita kanisani na Tusa mgongoni. Ile rimu ya Paskalina inaning'inia tu pale, Jumamosi nzima haifanyi kazi. Itafaa sana kufundishia moja toa moja. Ni nzito! Iko chini ya kitanda.

Kesho Jumapili. Sufuria kubwa nimeshaiosha.