Nilivyopanga Programu ya Hassan

Rafiki yangu, nakuandikia wewe kwa sababu siri zangu zingine umezitunza. Leo nimeaibika hapa Thika mpaka nikatamani kurudi Ruiru kwa miguu, nisionekane na mtu.

Unajua ile class yangu ya kompyuta ya jioni. Mwalimu Njoroge hupea kila mtu programu ya mwenzake arekebishe, halafu darasa lote linakagua. Ikipita, unafanya mtihani mwezi ujao. Ikikataliwa, ni mwaka ujao. Mimi nikapewa ya Hassan, yule anauza vitambaa. Ni ya foleni ya kliniki. Inaita wagonjwa wote, lakini wa mwisho haimwiti. Kosa liko kwa mstari mmoja tu.

Nikafungua. Woi! Mistari yote imelala kushoto, hakuna hata mmoja umeingia ndani, mabano yametupwa popote. (Mimi hata vitambaa vya jikoni napiga pasi.) Nikamwambia Hassan kama duka lake linakaa hivyo, sitanunua kwake hata leso. Akasema kompyuta haijalalamika. Nikamwambia Mungu wetu hapendi fujo.

Wiki mbili nikapanga. Nafasi nne nne, kila bano na mstari wake. Hata diski nikaiombea.

Leo zamu yangu ikafika. Mwalimu akaprint mabadiliko, na printa hutoa kila mstari ulioguswa, wa zamani na mpya. Wenzangu walitoa nusu karatasi. Yangu ikaanza kutoka. Ikatoka. Ikateremka meza, ikapita viti, ikafika mlangoni, watu wameishika kama shela ya bibi harusi.

"Mama Wanjiru," Mwalimu akauliza pole pole, "ule mstari wa mgonjwa wa mwisho uko wapi?"

Tukatafuta darasa zima, wengine wamepiga magoti. (Si ya maombi.) Hassan ndiye aliupata. Mstari wake ulikuwa pale, umeingia ndani nafasi nane, umenyooka kabisa, na kosa lake lile lile. Nilisahau kulitoa!

"Mama," Hassan akasema, "mgonjwa wangu bado yuko nje. Lakini sasa amekaa vizuri."

Mwalimu alitoka kwa corridor kucheka. Aliporudi akasema, mwaka ujao.

Basi siri hii usiitunze, wasomee akina mama wa kanisa hapo Kimbo wapate funzo, na kila mmoja apitishie mwingine. Jina langu toa. Na ukiona makosa kwa hii barua, rekebisha hayo tu. Mistari iache vile imelala.