Mpwa wa Mzee Kelestini

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimepata nyumba! Mtaa wa Viwanja Sitini, vyumba vitatu, bati jipya, choo cha ndani. Muuzaji ni Mzee Kelestini, mgane asiye na watoto, anarudi shambani kwake Idete. Bei tumeelewana. Ila fundi Edward, anayejua kila kitu, kaniambia mnunuzi hulipa kodi mbili: ya faida na ushuru wa stempu. Mke wangu Devota akasema nikaulize ofisi ya ardhi. Kuuliza ni kwa wasio na akili!

Jumanne, 3 Juni
Mpango tayari. Tusiuziane, anipe zawadi! Hela nitampa pembeni; kwenye karatasi tuandike mjomba kampa mpwa wake nyumba. Nani atatoza kodi upendo? Nilimweleza Mzee baada ya shikamoo mbili. Akafuta macho. Akasema wapwa wake wote wako Dar, hawapigi hata simu. Machozi sikuyategemea. Lakini kakubali!

Alhamisi, 5 Juni
Kumbe mpwa ana kazi. Mjomba kanipigia alfajiri: mpunga umekauka, ukoo mzima uko shambani, mpwa yuko wapi? Nimevuna kutwa nzima. Mgongo wangu! Jioni dada yake, Bi Yosefina, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani hasa. Nikajibu, wa dada wa mwisho wa Mzee.
Akasema dada wa mwisho ni yeye.

Ijumaa, 6 Juni
Kikao cha ukoo. Watu kumi na wanne, hakuna aliyetabasamu. Bi Yosefina kasema nataka kumwibia kaka yake, nyumba haiuzwi wala haitolewi. Niliona bati langu jipya likipaa. Devota aliniangalia tu. Nikakiri yote, hadi stempu.
Mzee akasema: “Nyumba nitakuuzia, Beatus. Ila mpwa simrudishi.”
Nikafuta macho. Vumbi la mpunga, nadhani.

Jumatatu, 9 Juni
Ofisi ya ardhi, mimi, Devota na mjomba. Afisa, dada mmoja mpole anaitwa Nelly, alieleza kwa dakika tano. Mthamini hukadiria thamani ya nyumba. Kodi ya faida ni ya muuzaji. Mnunuzi ana ushuru wa stempu na ada za usajili. Na zawadi je? Nayo inathaminiwa, nayo inalipiwa stempu!
Devota alijitahidi asicheke mpaka tulipotoka nje. Mjomba hakujitahidi.

Jumamosi, 28 Juni
Tumehamia! Stempu imelipwa, maombi ya uhamisho yamepokelewa. Mjomba kaleta gunia la mchele. Bi Yosefina kakagua chumba kwa chumba, akasifu choo. Devota anaimba jikoni.
Edward kapita. Anasema sasa kuna kodi ya majengo, inakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Haya, nisiponunua umeme wataikata wapi? Jirani yetu Mashimba ana umeme, ni mtu mkarimu, na mimi nina waya wa mita arobaini.
Nimeshapima. Unafika!