Nani Alimwangalia Majesté Mpaka Mwisho

Radio ya Ciseaux ndiyo iliyotuchokoza. Ciseaux, yaani Mkasi, ni Jordy, kinyozi wetu hapa Butembo, na salon yake imeshikana ukuta na banda la chai la Kavuo. Habari yoyote anayosomewa mtu anayenyolewa inatufikia sisi wa benchi bure. Siku hiyo, kesho yake ya Noël, yaani Krismasi, mtangazaji alisema kwamba kule Uingereza mfalme hutoa ujumbe kwenye televisheni kila Noël, na watu wanabishana kama familia bado zinakaa kumwangalia au zinamwacha aongee peke yake.

Benchi halikuwa limetimia bado. Zacharie alikuwa amesimama mlangoni pa Ciseaux na kikombe chake, akijikunyata kwa baridi, kwa sababu baba mkwe wake alikuwa amekaa pembeni yetu akimalizia chai. Kwetu mkwe hakai benchi moja na baba wa mke wake, hata kama miguu inatetemeka. Mzee alipoondoka, Zacharie akaja mbio kukaa.

"Pale ku mulango chai inapoa mbio mubaya," akalalamika.

"Desturi yenu ni kali, vraiment," alisema Prof. "Mutu anaoa, kiisha anapoteza banc."

"Ni heshima," alisema Majesté bila kumtazama.

Niwaeleze watu hawa. Majesté, yaani Mtukufu Mfalme, ni Kambere, muuza maharagwe ya Kayna, anayetembea mikono nyuma na kusubiri asalimiwe kwanza. Zacharie anaongoza sala kwenye kigango chake na kumsahihisha kila mtu mambo ya Kanisa, ndiyo maana tunamwita Oremus, "tuombe" ya Kilatini. Prof ni Roger, mwalimu aliyetumwa huku na serikali kutoka Kikwit. Anampenda Falonne, binti wa Majesté, na Falonne anampenda. Wakati wa mavuno alikwenda kuposa, na Majesté akamjibu maneno matatu tu: "Jibu itatoka Noël."

Noël ilikuwa imekuja na kupita, na jibu hatukuliona. Prof alikuwa amekaa karibu na mzee, amevaa shati la misa ya jana, akimtazama mdomo kama mtu anayengoja lori la Beni.

"Ile ya mufalme," Majesté alianza, "banamuangaliaka bote. Baba, mama, batoto. Kimya."

"Bote?" Kavuo alicheka huku akigeuza beignets, maandazi yake, kwenye mafuta. "Nani anapika sasa? Mama hapana anaweza kuangalia mufalme na sufuria iko ku moto."

"Kule sufuria inajizimaka yenyewe."

"Na batoto? Utashikisha mutoto wa leo akae mbele ya muzee anaongea, telefone eko nayo mu mukono?"

"Kule batoto beko na nizamu."

"Papa Kambere, uliendaka kule lini?" nikauliza.

"Hapana nilienda. Mais kitu chenye familia moja inafanya, ingine inaweza kufanya. Kwangu bote baliniangalia."

Hata mafuta ya Kavuo nadhani yalipunguza kelele.

"Balikuangalia wapi?" akauliza Oremus.

"Mu televizyo."

Ikabidi atueleze. Alisikia habari ya mfalme huyo mwaka uliopita, ikamkaa moyoni. Kwake, alisema, ukiongea mezani kila mtu ana lake la kukujibu: mama anajibu, batoto banajibu, hata mugeni anajibu. Lakini televisheni haijibiwi. Basi aliposhuka Beni kupeleka maharagwe, alitafuta mpiga picha asiyemjua mtu yeyote wa Butembo, akavaa koti na tai, akakaa mbele ya pazia lenye maua ya plastiki, akatoa ujumbe. Ukatiwa kwenye clé USB, ile flash. Jana, baada ya kula, aliichomeka kwenye televisheni ya sebuleni.

"Na weye ulikuwa wapi?" nikauliza.

"Mu fauteuil yangu, ile kiti kubwa."

"Donc ulikuwa mu fauteuil na mu televizyo."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajisikiliza."

"Nilikuwa ninaonyesha mufano."

Kavuo aliweka mwiko chini. Yeye ni jirani wa Majesté, ua wake na wa mzee zinatenganishwa na migomba tu, na jina lake hapa kwetu ni Antenne, kwa kunasa kila habari.

"Papa Kambere, hapana nikuvunjie heshima, mais jana nilipita kukopa chumvi. Bibi yako, mama ya Falonne, alikuwa ku jikoni na nyungu. Falonne alikuwa anaosha masahani ku nyuma. Batoto ba kiume balishaenda kucheza mupira. Mu salon ya nyumba kulikuwa weye na mama yako Kanyere, na ye alikuwa analala."

"Aliamuka."

"Aliamuka, akaona sura yako mu televizyo, akauliza nani alikufungia mule. Kiisha akalala tena."

Nilicheka mpaka chai ikanipitia puani. Majesté hakucheka. Alikitazama kikombe chake, na nikaona kwamba jambo lile lilikuwa limemuuma kweli. Mtu amefunga tai kwenye joto la Beni kwa ajili ya watu wake, na watu wake wakaenda kuosha sahani.

Prof ndiye hakujali cheko wala huzuni.

"Papa," alisema, "ile jibu yangu. Ilikuwa mu ile ujumbe?"

"Ilikuwa."

"Ilisema nini?"

"Uliza benye baliangalia."

"Mais hakuna mwenye aliangalia."

"Basi hakuna mwenye anajua. Mufalme hapana anarudiliaka."

Prof alishika kichwa. "Ndeko na ngai," akaniambia kwa Kilingala chake, yaani ndugu yangu, "jibu yangu iko mu masahani ya jana."

"Noël iliisha," alisema Kavuo kwa huruma. "Ungoje ingine."

"Noël hapana iliisha," Oremus akadakia, "mu Kanisa Noël ni..."

Tukamkata. Ukimwacha Oremus amalize mambo ya Kanisa, unga unachacha.

"Labda hakuna kitu mu ile ujumbe," nikasema kwa uchokozi. "Labda alikaa kule Beni anaangalia camera tu."

Hapo nilikuwa nimemgusa. Majesté aliingiza mkono mfukoni, akatoa clé USB iliyofungwa kwenye kitambaa safi, akamnyooshea Ciseaux. Ciseaux ana televisheni ukutani ya kuwatuliza wateja. Alizima muziki, tukajazana mlangoni, na mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja akageuza kiti na yeye aone.

Majesté wa televisheni alikuwa analowa jasho. Joto la Beni lilikuwa limemshinda, na pale aliposema "familia yangu" ungedhani analia.

"Familia yangu. Miye baba yenu ninabasalimia. Ya kwanza: mwaka jana mapaja ya kuku ilipotea mbele ya sala. Ninamujua mwenye alikula. Ninamusamehe, mais asirudilie."

"Ni ye mwenyewe alikula," alinong'ona Kavuo.

"Ya pili: bandugu zetu ba Kanyabayonga, benye balikimbia vita, bako mu chumba ya nyuma. Hapana mutu abaite bageni. Nyumba ni yabo mpaka siku barabara itafunguka."

Yule mteja wa nywele nusu aliinamisha kichwa.

"Ya tatu: mwalimu Roger. Kwanza nilikataa mu roho. Eko mutu wa mbali. Serikali inaweza kumutuma kesho kule jua linalala, na aende na mutoto wangu. Hiyo inaniogopesha, ninasema kweli. Mais siku bandugu ba Kanyabayonga balifika na mvua, ye njo alibeba mizigo na mama muzee mwenye hapana anatembea, na hapana mutu alimuita. Niliona. Donc, ninakubali."

Prof aliegemea ukuta. Ciseaux alianza kumpongeza, lakini Majesté wa televisheni alikuwa ameinua kidole.

"Mais niko na sharti. Mbele Noël iishe, mutu wa nyumba yangu akuje aniambie kwamba aliangalia mpaka mwisho. Kama hapana hata mumoja, mambo ingojee Noël ingine. Baba mwenye hapana anasikilizwa kwake, atatoa binti na sauti gani? Wasingya, aksanti. Noël njema."

Picha ikakatika. Tukarudi kwenye benchi taratibu, kama watu wanaotoka kilioni. Prof alikaa pale pale pake, ubavuni mwa mzee.

"Papa Kambere," alisema Kavuo, "ulikaa mu nyumba kutwa nzima unangoja mutu akuje?"

"Nilingoja mpaka bakafunga mulango."

"Ungeita."

"Ningeita, ingekuwa ni miye nimejileta."

"Na sasa Noël imepita," nikasema, na nilisikitika kweli.

Oremus alisimama. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile ya kuruhusiwa kuongea.

"Munanikata kila siku. Mu Kanisa Noël hapana siku moja. Ni oktava. Siku munane, na zote zinahesabiwa siku moja. Padri anasemaka 'leo' kila asubui mpaka Mwaka Mupya. Muende muangalie, mutoto Yesu eko bado anazaliwa ku altari. Leo ni Noël."

Tulimgeukia Majesté. Majesté ni Mkatoliki wa kukaa kiti cha mbele. Hawezi kubishana na altare.

"Hiyo ni kweli," akasema polepole.

Prof akainuka haraka mpaka kikombe kikamwagika. "Papa, miye niliangalia mpaka mwisho. Neno kwa neno."

"Nilisema mutu wa nyumba yangu."

"Mais ili niwe wa nyumba, inafaa ukubali kwanza."

"Ndiyo."

"Na ili ukubali, inafaa niwe wa nyumba."

"Ndiyo."

Prof akakaa tena. Amesoma chuo kikuu, anafundisha hesabu, na hakuona mlango wa kutokea. Kavuo alichukua beignet, akaiuma. Hata mimi nilianza kumchukia mfalme wa watu kwa desturi zake.

Majesté alikunywa chai mpaka mwisho. Akapangusa ndevu, akamtazama kijana aliyekaa ubavuni mwake, bega kwa bega.

"Prof. Toka ku banc."

"Papa?"

"Minasema toka. Hapana unaikala hapa tena. Si leo, si kesho."

"Papa Kambere, mutoto wa watu alikufanya nini?" nikasema, na nilikuwa nimekasirika. "Ukatae, mais umufukuze na ku banc?"

Majesté alimwonyesha Prof kwa kidevu mlangoni pa Ciseaux, pale pale aliposimama Zacharie asubuhi na kikombe chake wakati baba mkwe wake anakunywa chai.

Prof alitazama mlango. Akamtazama mzee. Kisha akachukua kikombe chake kwa mikono miwili, akatoka kwenye benchi kwa heshima zote, akaenda kusimama kwenye baridi, akitabasamu mpaka Ciseaux akamwuliza kama anataka kunyolewa.

Oremus alimfuata na birika la Kavuo, akamwongezea.

"Karibu, ndugu yangu," akamwambia. "Kunywa mbio. Hapa inapoa."