Sauti ya Mshereheshaji na Pampu ya Kahawia

Jumatatu, 4 Agosti

Kamati ya sendofu ya Asifiwe imenipitisha kuwa MC. Kura sita kwa tano. Mke wangu Sesilia, mwenyekiti, hakunipigia. Anasema alikohoa wakati wa kunyoosha mkono. Tunaishi nyumba moja Kimara hii, sijawahi kumsikia anakohoa.

Mshindani wangu alikuwa Godlisten, jirani, kijana wa suti za kubana. Alinipa mkono, akasema shikamoo mzee wangu, na kwamba yupo tayari kunishikia maiki nikichoka. Nimchoke nani? Mie nimesherehesha Tukuyu, Tunduma, hadi nje ya nchi. Nakonde ni nje ya nchi, waulize Wazambia.

Lakini hii si shughuli kama nyingine. Asifiwe ni binti wa marehemu kaka yangu Fredrick. Kaka alipokuwa kitandani, mtoto akiwa darasa la tatu, nilimwahidi kwamba siku anaondoka nyumbani, nitasimama mimi na kumsemea yeye. Siku hiyo ni tarehe 23.

Kasoro moja. Nilivyoshinda nilicheka, nilivyocheka kifua kikabana. Nikajidai naenda kuangalia chai, nikavuta pampu yangu ya pumu, ile ya bluu, jikoni mara tatu nyuma ya friji. Sesilia alinifuata. Akasema Baba Blessing, hiyo ya bluu wiki hii umeivuta kila siku, kesho unaenda kwa daktari au nahesabu kura upya.

Jumanne, 5 Agosti

Daktari kanisikiliza mgongo, kaandika pampu ya pili, ya kahawia. Nikaichukua kwenye duka la dawa la Zoeb, ambaye baba yake aliniuziaga bluu yangu ya kwanza nikiwa bado nina nywele.

Zoeb akaniambia nimwonyeshe navyovuta. Nikamwonyesha kwa mbwembwe zote. Akasema braza Gibson, miaka yote hii umekuwa unautibu ulimi na dari.

Akanifundisha kama mtoto wa chekechea. Tikisa. Toa pumzi yote nje. Fungia midomo. Bonyeza huku unavuta taratibu, halafu shikilia hadi kumi. Nilifika nne nikataka kusimulia kitu. Akanirudisha mwanzo.

Bluu ni ya kukuokoa ukibanwa. Kahawia ni ya kila siku, mbili asubuhi, mbili jioni, hata ukijisikia bondia. Na ukimaliza kahawia, sukutua kwa maji, tema.

Nikamuuliza niteme dawa? Akasema dawa ya mapafu imeshafika kwenye mapafu, hayo ya mdomoni ni mabaki, ukiyaacha yanakuotesha fangasi na kukukausha sauti. Nikaitikia kwa uso ule ninaoutumia kanisani. Mfanyabiashara anakuuzia kitu halafu anakwambia ukiteme. Mie si wa jana.

Jumamosi, 9 Agosti

Kahawia inafanya kazi kuliko nilivyotegemea. Leo nimepanda kilima cha kwetu hadi kwenye tangi la maji bila kusimama kujifanya nafunga kamba za viatu.

Nikapiga hesabu. Kama mbili zinanifikisha kwenye tangi, nne zinanifikisha wapi? Daktari ameandika dozi ya mtu wa kawaida, hakujua anamwandikia mshereheshaji. Nimeanza nne asubuhi, nne jioni.

Sesilia anauliza kila mara kama nimesukutua. Nimepata mbinu. Nafungua bomba, maji yanamwagika kwenye sinki, huku mie nafanya gurugurugu kooni, kavu kabisa. Kisha nameza mate, dawa yote ibaki nyumbani. Sesilia akasema hongera baba. Nikajionea huruma kwa kuwa na akili hivi na hakuna wa kumwambia.

Alhamisi, 14 Agosti

Sauti imekuwa nzito. Nimeipenda. Kama mwenye nyumba za kupangisha Msasani. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, hata kabati limeniheshimu.

Godlisten kapita jioni na chupa ya chai ya tangawizi. Kasikia nina mafua. Nikamwambia hayo si mafua, hiyo ni besi. Chai nikanywa, nisionekane mbaguzi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka, nikamwita Sesilia, ikatoka sauti ya bawaba. Nikarudia. Bawaba ileile, sasa bila mafuta.

Nimeelewa yote. Ile tangawizi! Kijana kanipatia, kwa adabu zote, ndani ya chupa ya maua. Nikaandika kwenye karatasi, Sesilia akasoma: GODLISTEN ASIKANYAGE HAPA. Akasema fungua mdomo. Akamulika kwa tochi ya simu, akarudi hatua moja. Akasema ulimi wangu umepakwa chokaa.

Nikachukua tangawizi iliyobaki, nikaitia kwenye mfuko, hadi kwa Zoeb akaipime. Zoeb hakuigusa. Aliangalia mdomo, akauliza navuta ngapi. Nikaonyesha vidole vinne. Akauliza nasukutua. Nikaonyesha mkono kufungua bomba. Akasema braza, sijauliza bomba, nimeuliza mdomo.

Hapo niliangalia kalenda yake ya ukutani kwa muda mrefu.

Ni fangasi ya mdomo. Kampigia daktari palepale, nikapewa dawa ya matone, niyashikilie mdomoni kabla ya kumeza. Kahawia nisiiache, nirudi kwenye mbili, nisukutue na niteme kwelikweli. Nikamwandikia: sauti itarudi lini? Akasema wiki, pengine mbili. Sendofu ni Jumamosi.

Nilirudi kwa mguu. Njia nzima nilikuwa naongea na Fredrick, kimoyomoyo, maana njia nyingine sikuwa nayo.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimesukutua siku tano mfululizo. Sauti imepanda kutoka bawaba hadi mnong'ono. Kamati ikampa Godlisten maiki. Mie nikapewa kiti pembeni yake, nimnong'oneze.

Nikanong'oneza, akarudia, ukumbi ukavunjika mbavu. Kwake. Alisimulia kisa changu cha Nakonde kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa mpakani akiwa na mbuzi. Mama mmoja wa ukweni akamwomba namba ya simu.

Ikafika kumkabidhi binti. Godlisten akaanza maneno ya baba. Sesilia akasimama, akamnyang'anya maiki mbele ya watu wote, akasema hapo hapana, hapo si pako mwanangu. Nikaelewa kwa nini mwenyekiti ni yeye.

Asifiwe akashuka jukwaani na gauni lake lote, akaniwekea maiki mdomoni kwa mkono wake. Akasema sema tu ba'mdogo, hata kidogo. DJ akazima muziki. Hotuba yangu ilikuwa kurasa nne, na vichekesho kumi na saba. Nikanong'ona: Kaka Fredrick, nimemfikisha.

Basi. Sikuweza zaidi. Asifiwe akaniegemea begani. Ukimya ule sijawahi kuupata katika miaka yangu ya kazi. Wakwe walilia. Wapishi walitoka nyuma na miiko mkononi.

Kifua kikabana palepale. Mara zote nimejificha, chooni, nyuma ya friji. Leo nilikuwa na mtu begani, sikuweza kukimbia. Nikatoa bluu. Nikatikisa, nikatoa pumzi, nikafunga midomo, nikavuta taratibu. Watu mia mbili wakanisubiri hadi kumi. Nyuma ya ukumbi Zoeb, naye mwalikwa, alikuwa anahesabu kwa vidole. Nilipoachia, akapiga makofi peke yake.

Usiniulize kama nililia. Ilikuwa poda ya bibi harusi.

Jumatatu, 25 Agosti

Asubuhi nimepigiwa simu kutoka Temeke. Kamati nyingine, sendofu tarehe 20 Septemba. Wamesikia habari za yule MC anayenong'ona mpaka wakwe wanalia. Hawamtaki Godlisten, wanasema anapiga kelele. Wanamtaka wa mnong'ono.

Nikawajibu ndiyo, na hapo nikashtuka. Sauti inarudi. Mchana nimemwita muuza matembele akageuka kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa kasi hii, tarehe 20 nitakuwa naunguruma, kazi imeharibika, Temeke wamefedheheka. Ni haya maji ya Zoeb.

Jioni nimevuta kahawia. Nne. Nikafungua bomba. Gurugurugu.

Sesilia kutoka sebuleni kasema hongera baba.