Kesi ya "Ta"

Jumapili, 2 Juni 1974. Uyole.
Nimeuawa! Leo kanisani mchungaji kasoma matangazo ya ndoa: Tupokigwe na Asukile, dereva wa trekta. Tupokigwe wangu! Aliyeniandikia kwa mkono wake mwezi Machi: "Lutengano, nitaolewa na wewe." Mimi niliyelima viazi vya mama yake Jumamosi nne mfululizo! Niliyepeleka jogoo! Asukile kakaa mbele, buti zinang'aa. Mtu hata sauti ya tatu ya kwaya hajui kuimba. Chakula cha mchana sikugusa. (Jioni nilikula kidogo, mara mbili.) Nimeamua. Huu ni ulaghai, na ulaghai ni jinai. Ataolewa nami au atafungwa, achague.

Jumatatu, 3 Juni.
Kituoni. Koplo Ezekia kanisikiliza vizuri mno, hata akamwita mwenzake naye aje asikilize. Akasema ulaghai wa kufungwa ni uongo juu ya jambo lililopo au lililokwisha kuwa. Mtu akisema ana shamba kumbe hana, akapewa kitu kwa uongo huo, huyo ndani. Ahadi ya kesho ikivunjika si jinai, nikipenda niende nikadai mahakamani kama madai ya kawaida. Akaweka kidole juu ya "nitaolewa" kwenye barua. Akasema "ta" haifungi mtu.
Nimerudi nikipiga mluzi. Tabu yangu yote ni herufi mbili tu! Na wembe ninao.

Jumanne, 4 Juni.
Nimekwangua tangu asubuhi. "Ta" imetoka, "me" imeingia. "Lutengano, nimeolewa na wewe." Inapendeza! Jambo lililokwisha kuwa, na ni uongo mtupu. Nimejipongeza kwa maparachichi mawili.

Jumatano, 5 Juni.
Balaa! Koplo kasoma, kasimama, kanipa mkono. Hongera, kumbe ni mkeo! Kisha akauliza ilikuwaje mtu akadanganywa kwamba ameoa, naye asijue kama hajaoa. Hapo sikuwa nimepafikiria.
Akaagiza Tupokigwe aitwe. Akaja na mama yake, kwa trekta ya Asukile! Tupokigwe hakukasirika. Alicheka mpaka akashika meza. Kicheko chake bado nakipenda, na hilo ndilo linaloniuma. Halafu akatoa barua yangu ya Februari. Koplo akaisoma kwa sauti: "Mimi ni bwana shamba. Nina ng'ombe sita. Nimejenga nyumba ya bati."
Mimi napakia magunia ya viazi sokoni. Ng'ombe sina hata mkia. Mama mkwe akataja nilivyopewa kwa kuaminiwa maneno hayo: mikungu mitatu ya ndizi, na sweta alilonifumia Tupokigwe, ambalo nilikuwa nimelivaa palepale. Koplo akahesabu kwa vidole: ni, nina, nime. "Ta" hakuna hata moja.

Alhamisi, 6 Juni.
Sikufungwa! Tupokigwe kaniombea, kasema nalima vizuri, nimalizie shamba la mama yake tu. Sweta limechukuliwa. Juni, Uyole, bila sweta! Nimelima nikitetemeka kwa baridi. Mama mkwe kaniambia ndaga fijo, ahsante sana, kama zamani. Nilikaribia kulia.

Jumamosi, 29 Juni.
Furaha! Harusi ilikuwa Jumamosi iliyopita. Nililia kidogo, nikala sana. Lakini somo limeniingia. Leo nimemwandikia Kalista wa Tosamaganga, tuliyejuana kwenye mkutano wa kwaya Iringa. Anafuma masweta, nasikia mazito. Barua safi, Koplo mwenyewe haoni kosa: "Nitakuwa bwana shamba. Nitakuwa na ng'ombe sita. Nitajenga nyumba ya bati." "Ta" kila mahali!
Nimetia na picha niliyopigwa siku ya harusi, nimekaa juu ya trekta ya Asukile, maua na yote. Nyuma yake nimeandika kwa kifupi tu: "Hii ni trekta yangu."